Amplifaya za kujitengenezea: LM3886, C5200 au klasi D? Tulizisikiliza bila kuziona, njooni tujadili

Fundi wa Mabibo (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za wikiendi.

Uzi ni mrefu, mwenye haraka aurudie akipata nafasi. Nimeuandika kwa sababu ugomvi huu umeanza kuvunja urafiki. Tuko watano tunaojenga amplifaya za nyumbani, si biashara, ni mapenzi tu. Wawili kati yetu wamefikia hatua ya kutosalimiana. Mmoja anashikilia kwamba amplifaya ya kweli hujengwa kwa transista, C5200 na A1943, tena pea mbili kila upande. Ukitumia aisi, yaani saketi nzima ndani ya kipande kimoja, umejenga redio. Mwingine alishahama huko, yeye ni bodi za klasi D tu (transista zake huwaka na kuzimika kwa kasi kubwa), TPA3116, anasema sisi wengine tunapasha chumba joto. Mimi nimekulia kwenye aisi. Ya kwanza niliijenga nikiwa kidato cha pili, TDA2030 niliyoing'oa kwenye sabufa mbovu, hitisinki yake, yaani bati la kupoza, ilikuwa kipande cha dirisha la aluminiamu. Leo natumia LM3886, naipenda na sifichi.

Nikawaambia njooni kwangu Jumamosi, kila mtu na mashine yake, tusikilize bila kujua ipi inapiga. Wakaja.

Mashine zilikuwa tatu. Yangu ya LM3886, transfoma 22-0-22, baada ya kunyooshwa napata volti 30 chanya na 30 hasi. Ya jamaa ya C5200, transfoma 30-0-30, volti 42 kila upande. Na TPA3116 inayokula chaja ya laptopu ya volti 19. Spika ni moja tu ya omu 8, mahali pamoja, kiti kimoja. Tulishindanisha mbili mbili kwa swichi, na aliyekaa nyuma ya pazia alikuwa anarusha sarafu kuamua ipi ipige. Raundi 16 kwa kila msikilizaji.

Kabla ya muziki tulifanya jambo moja ambalo nawaomba sana mlizingatie: tulilinganisha sauti. Sikio linadanganywa na ukubwa wa sauti kuliko kitu kingine chochote. Ukiongeza kidogo mno, kiasi kwamba msikilizaji hawezi kusema imeongezeka, atakwambia "hii ina uhai zaidi, besi imejaa". Tulipiga toni ya hezi 200, tukashika mita kwenye vituo vya spika, tukarekebisha kila mashine mpaka isome volti 2.00. Nilichagua 200 kwa sababu mita nyingi za bei ya chini hupoteza usahihi masafa yakipanda. Volti 2 kwenye omu 8 ni nusu wati. Nusu wati, wakuu, na sebule ilijaa. Mtoto wa jirani alikuja kuuliza kama kuna sherehe.

Pambano la kwanza, LM3886 na C5200. Watu wakaanza kujibu na kila mtu anapatia. Jamaa wa C5200 alipata 15 kati ya 16. Moyo uliniuma, sisemi uongo. Alisimama akaniambia, "Nilikwambia aisi ni aisi." Sikuwa na la kujibu.

Mdogo wangu wa kike, ana miaka 19 na hajawahi kushika pasi ya kuchomea, ndiye aliyesema, "Kaka, hiyo yako inavuma wimbo ukitulia." Nikazima muziki, nikaweka sikio kwenye wufa, ile spika ya besi. Kweli. Mvumo mdogo, wa chini sana, mimi nilishauzoea kwa miaka miwili kiasi cha kutousikia tena.

Tukafungua boksi mashine ikiwa imewaka. Nikachukua kijiti cha mshikaki kikavu nikaanza kusukuma nyaya moja moja. Nilipogusa waya wa kuingizia sauti, ule uliokuwa umelala kando ya rekitifaya inayonyoosha umeme wa transfoma, mvumo ukabadilika palepale. Nikiusogeza sentimita tatu kuelekea ukuta wa boksi unapungua, nikiurudisha unapanda, kama nimeshika kitasa cha volumu. Halafu nikaona la pili: athi ya ingizo, yaani waya wake wa sifuri, niliifunga kwenye bolti lilelile linalopokea waya wa kati wa transfoma. Maana yake kila kapasita zinapochajiwa, mara 100 kwa sekunde, ule mpigo wa umeme unapita kwenye kipande cha waya ambacho sauti yangu inakitumia kama sifuri. Nikazima, nikasubiri kapasita zitoe chaji, nikahamisha waya, nikachomea upya. Dakika 40 hivi.

Tukarudia. Jamaa wa C5200 alipata 7 kati ya 16. Mwenye klasi D alipata 9, mimi 8. Kwa kubahatisha tu, uwezekano wa kufikisha 12 au zaidi kati ya 16 haufiki 4 kwa 100, kwa hiyo 12 ndiyo tuliyokubaliana mapema kuwa mstari. Hakuna aliyeufikia. Chumba kilikaa kimya.

Kisha LM3886 na TPA3116. Wanaume wote tukabahatisha. Mdogo wangu akapata 13. Tukamuuliza umejuaje, akasema kuna "shhh" ndogo mwishoni mwa nyimbo. Ile bodi ilikuwa imewekewa ukuzaji wa desibeli 36, ambao ndio wa juu kabisa kwa aisi hiyo, na pamoja na sauti unakuza mchakacho wa kila kinachoitangulia. Tukabadilisha rezista za kuchagulia ukuzaji zikashuka hadi 26, kwa kufuata jedwali la datashiti. Akarudia, akapata 9.

Hoja yangu ni hii. Tunagombania jina la transista wakati tofauti tunazozisikia zinatoka kwenye athi, kwenye njia ya nyaya, kwenye pawa saplai na kwenye volumu ambayo hatukuilinganisha. Karibuni mnipinge.

Mpenzi wa Klasi A

Mkuu, hongera kwa kazi, nakuheshimu, ila sikubaliani na hitimisho.

Umesema nusu wati. Hebu piga hesabu. Jamaa yako ana pea mbili za C5200. Kama bayasi yake, yaani mkondo unaopita ikiwa imetulia, ni miliampia 100 kila transista, zile pea zinabaki klasi A (hakuna transista inayozimika) mpaka mkondo wa kilele ufike karibu ampia 0.4. Nusu wati kwenye omu 8 ina kilele cha ampia 0.35. Maana yake ile amplifaya yake ya klasi AB ilikuwa inafanya kazi kama klasi A muda mwingi! Ule mshono, pale transista ya juu inapomkabidhi kazi mwenzake wa chini, hukuugusa. Na malalamiko yetu yote kuhusu klasi AB yako kwenye mshono.

Ndiyo maana wengine tumeng'ang'ania klasi A, transista haizimiki hata nukta moja. Saketi ya John Linsley Hood iliyotoka 1969 kwenye jarida la Wireless World ina transista nne tu kila upande na inatoa wati 10. Nimeijenga. Jioni nikiiwasha, sauti ya mtu anayeimba inakuwa na mwili, unasikia pumzi. Siwezi kukuthibitishia kwa sarafu, lakini nimeishi nayo miaka sita.

Fundi wa Mabibo

Hoja nzito hii na nashukuru. Tulipima bayasi kabla ya kuanza: milivolti 22 juu ya rezista ya emita ya omu 0.22, kwa hiyo ni miliampia 100 kamili. Hesabu yako iko sahihi kwa C5200.

Lakini angalia upande wa pili. LM3886 nzima, pamoja na kila kilichomo ndani yake, ikiwa imetulia inakula miliampia 50 hivi. Yenyewe ilikuwa inavuka mshono karibu muda wote kwenye nusu wati hiyohiyo. Kwa hiyo bila kujua tulishindanisha klasi A na klasi AB, na hatukuzitofautisha. Nafikiri hesabu yako imenisaidia mimi.

Hata hivyo nakubali jambo moja: tulipiga chini. Tutarudia kwa sauti kubwa.

Jua Kali wa Luthuli

Niko Nairobi, nauza na kutengeneza. Salamu kwenu ndugu zetu wa Bongo.

Huyo wa klasi A aambie watu gharama pia. Linsley Hood kwa spika ya omu 8 inataka volti 27 na ampia 1.2, muda wote, uwe unapiga muziki au umelala. Hiyo ni wati 32 upande mmoja, 65 pande mbili, ili upate wati 10 za sauti. Wateja wangu wengi wako mashambani, umeme wao ni sola na betri ya volti 12. TPA3116 inaanzia volti 4.5, kwenye betri ya 12 na spika ya omu 8 inakupa kama wati 8 safi, na unaishika kwa mkono haijapata moto. Kwa mtu kama huyo, klasi A ni redio ya kuzimwa saa mbili usiku kwa sababu betri imekwisha. Tusibishane kana kwamba kila mtu anakaa karibu na transfoma ya mtaa.

Halafu mwanzisha uzi, swali la usalama. Hiyo swichi yenu ilikata waya mmoja au miwili? Kwa sababu TPA3116 haina waya wa spika ulio sifuri.

Fundi wa Mabibo

Kaka umeuliza la maana na nilipaswa kuliandika mwanzoni. Ilikata yote miwili. Wanaotaka kujaribu, someni hapa: kwenye TPA3116 nyaya zote mbili za spika ziko hai, kila mmoja umekaa kwenye nusu ya volti za saplai. Ukiunganisha hasi yake na hasi ya amplifaya nyingine kwa swichi ya kukata waya mmoja, umeiunguza kabla hujasikia wimbo. Swichi ya nguzo mbili, na iwe na nafasi ya katikati isiyogusa upande wowote.

Binti Saketi

Naona mnaisifia na kuiponda C5200 lakini hamjauliza kama mliyonayo ni C5200 kweli.

Mimi natengeneza amplifaya za kumbi na za nyumbani, na kazi nyingi zinazokuja mezani kwangu ni transista za pato zilizolipuka. Ile halisi ya Toshiba imeandikwa volti 230, ampia 15, wati 150. Mwaka jana mteja aliniletea nane mpya, alizinunua kwa bei ya chini mno, zikafa zote siku ya kwanza. Nikabana moja kwenye jiliwa, nikaipasua ganda kwa msumeno wa chuma. Ndani, kile kipande cha silikoni kilikuwa kidogo kama punje ya mchele. Nikachukua ya zamani, iliyokufa kwenye amplifaya kongwe ya kanisa fulani, nikaipasua nayo: kipana kama punje ya hindi. Ganda lilelile, maandishi yaleyale, miguu ileile. Niliziweka zote mbili kwenye kikopo cha glasi, kila mteja anayeniambia "fundi, nimepata za bei poa" namwonyesha kwanza.

Sasa mtu anajenga na hizo punje za mchele, zinaungua, anaandika kwamba transista hazifai, bora aisi. Au anapunguza bayasi mpaka karibu sifuri ili zisipate moto, sauti inakwaruza kwenye volumu ya chini, halafu anailaumu klasi AB. Ugomvi wenu mwingi unaanzia dukani.

Anayenunua asiweke nane kwa mpigo. Pasua moja. Shilingi chache unazopoteza ni ndogo kuliko wufa ya spika.

Mpenzi wa Klasi A

Dada, naunga mkono. Na bayasi ifuatiliwe ikiwa mashine ya moto, si ikiwa baridi. Volti kati ya miguu ya besi na emita ya transista hushuka kama milivolti 2 kwa kila digrii moja ya joto. Ile transista ndogo ya kudhibiti bayasi isipokaa kwenye hitisinki pamoja na zile kubwa, zinapata moto, mkondo unaongezeka, joto linaongezeka, mpaka fyuzi iseme.

Mzee wa Valvu

Vijana, hamjambo. Nimesoma yote.

Binti Saketi

Shikamoo mzee.

Jua Kali wa Luthuli

Shikamoo mzee wetu, karibu.

Mzee wa Valvu

Marahaba. Haya mnayobishania yana umri kuliko ninyi nyote. Mwaka 1947 Williamson alichapisha amplifaya yake ya valvu (mirija ya kioo iliyotangulia transista) KT66 kwenye jarida hilohilo alilolitaja kijana, na watu wakabishana kama fidibaki, yaani kurudisha sehemu ya pato kwenye ingizo, inaua muziki. Miaka 22 baadaye ikaja hiyo ya Linsley Hood, wakabishana kama transista zinaweza kufikia valvu. Nilianza kazi kwenye karakana ya redio huko Tanga nikakuta mafundi wakongwe wanabishana hivyohivyo, tukiwa na valvu EL84 mezani.

Mimi bado nina ya EL84, mbili kwa kila upande, naipiga taarabu jioni. Siisemi kuwa ni sahihi kuliko za kwenu. Najua inaongeza kitu chake. Transfoma yake ya pato inalainisha, na ukiipandisha inapasuka taratibu badala ya kukata kama kisu. Mimi napenda hivyo. Mtu akisema anapenda, hana haja ya kupimiwa kwa sarafu. Akisema ni sahihi zaidi, hapo ndipo alete mita.

Lakini nililoingia kusema ni jingine. Naona vijana wananunua saketi za valvu mtandaoni sasa. Ndani kuna volti 300 na zaidi, na kapasita zinazibakiza hata baada ya kuchomoa plagi. Mwenzangu wa karakana alirushwa kutoka kwenye kiti, mashine ikiwa imezimwa. Fungeni rezista ya kumwaga chaji sambamba na kila kapasita kubwa, pimeni kwa mita mpaka isome karibu sifuri, na mkono wa kushoto uwe mfukoni.

Mpenzi wa Klasi A

Mzee, "akisema anapenda hana haja ya kupimiwa". Hilo nalipokea. Nadhani mimi napenda, na nimekuwa nikilisema kana kwamba ni kipimo.

Bila Fidibaki

Naomba nirudi kwenye fidibaki maana mzee ameigusa na hakuna aliyejibu. LM3886 ina fidibaki nyingi mno. Unachukua pato, unalirudisha kwenye ingizo, unajirekebisha kosa ambalo limeshapita! Sauti imeshatoka. Ndiyo maana muziki wa kasi, ngoma na marimba, unakuwa hauna makali. Kwenye miaka ya 1970 Matti Otala wa Finlandi alionyesha jambo hili waziwazi.

Binti Saketi

Kaka, Otala alionyesha kwamba amplifaya iliyo na mwendo mdogo ndani yake, yaani volti zake hupanda polepole, ikifungwa fidibaki nyingi, hulewa ishara ya kasi inapoingia. Hakusema fidibaki yenyewe ni sumu. Na mwendo huo unapimika, hauhitaji imani. Chukua wati 50 kwenye omu 8, kilele ni volti 28. Kwa sauti ya kilohezi 20, ambayo wengi wetu tuliovuka 30 hatuisikii tena, pato linahitaji kupanda volti 3.6 kwa maikrosekunde. LM3886 kwa kawaida inapanda 19. Iko mara tano juu ya kinachohitajika.

Na hilo la "kosa limeshapita": saketi haisubiri wimbo uishe ndipo irudi kusahihisha. Inafanya hivyo kwa sehemu za maikrosekunde, wakati wimbi moja la marimba linachukua maelfu ya maikrosekunde. Harold Black aliipata fidibaki 1927 akiwa kwenye kivuko akielekea kazini kwenye maabara za simu za Bell, simu za masafa marefu zilikuwa zinaharibika kwa mkwaruzo, na ndiyo iliyoziponya. Nimejenga zenye fidibaki na zisizo nayo. Zisizo nayo zote zilibadilika sauti nilipobadilisha spika, kwa sababu pato lake linayumba na mzigo.

Bila Fidibaki

Sijashawishika yote. Lakini nitafanya hilo la kulinganisha volti kwanza. Kwa kweli sijawahi kulifanya, huwa naweka volumu kwa sikio.

Fundi wa Mabibo

Fanya, mkuu, urudi utuambie hata ukinipinga. Hasa ukinipinga.

Waya Mfupi

Na kapasita je? Nyote mmeziruka. Nimeambiwa na fundi kwamba LM3886 inataka mikrofaradi 1,000 tu kila upande, eti zikizidi inakuwa nzito. Mwingine ananiambia 10,000 ndiyo chini kabisa. Nimenunua zote sijui nifunge zipi.

Fundi wa Mabibo

Hilo la 1,000 lina historia. Mwaka 1999 kampuni ya Japani, 47 Laboratory, ilitoa amplifaya ikaiita Gaincard. Ndani kulikuwa na LM3875, ndugu wa LM3886, vipande vichache sana, nyaya fupi mno na kapasita za 1,000 tu. Ikauzwa ghali. Mafundi wa nyumbani duniani kote wakaanza kuiiga, wengine wakakasirika kwamba ni aisi ya bei ndogo ndani ya boksi zuri, na ugomvi ule haujaisha mpaka leo. Nafikiri watu walichukua kapasita wakaacha nyaya fupi, wakati nyaya fupi ndilo somo.

Piga hesabu mwenyewe. Mkondo wa ampia 1, umeme wetu wa hezi 50 ukinyooshwa unajaza kapasita mara 100 kwa sekunde. Kwa mikrofaradi 10,000 volti inayumba kama 1. Kwa 1,000 inayumba karibu 10. Ukisikiliza kwa nusu wati hutaona tofauti, ukipandisha, zile volti 10 zinakatwa juu ya wimbi na sauti inapasuka mapema. Funga 10,000 kila upande, na karibu kabisa na miguu ya aisi weka ndogo ya nanofaradi 100. Hiyo ndogo isisahaulike. LM3886 yangu ya pili ilikuwa inapata moto bila kupiga chochote, kumbe ilikuwa inajiimbia yenyewe kwenye masafa tusiyoyasikia.

Kijana wa Chuga

Wakuu samahani kwa kuingilia. Mimi ni mgeni kwenye fani, nasoma chuo. Nimejenga TDA7294, transfoma 24-0-24, nina volti 33 kila upande. Inapiga vizuri ila inavuma. Nikishusha volumu hadi sifuri bado inavuma. Nimebadilisha aisi mara mbili. Nilishaamua nihamie klasi D lakini nimeusoma uzi huu nikasita.

Fundi wa Mabibo

Mdogo wangu, usinunue kitu kwanza. Chomoa kila kinachoingia, chukua kipande kifupi cha waya uunganishe ingizo na athi yake kwenye bodi. Inavuma bado au imenyamaza?

Binti Saketi

Na utuambie mvumo wenyewe uko vipi. Ukiwa laini na mzito, ni hezi 50, mara nyingi ni transfoma kukaa karibu na nyaya, au duara la athi kati ya vifaa viwili. Ukiwa na makali, kama nyuki kwenye debe, ni hezi 100, hiyo ni saplai inaingia kwenye sifuri yako. Pia angalia bati la mgongoni mwa TDA7294: limeungwa na volti hasi. Mika, kile kipande chembamba cha kuzuia umeme, ipo kati yake na hitisinki?

Kijana wa Chuga

Mika ipo dada, nilipima haigusi. Nimeunganisha ingizo na athi, bado inavuma. Ni ule wa nyuki.

Fundi wa Mabibo

Basi chanzo kiko ndani, na aisi zako mbili hazikuwa na hatia. Waya hasi wa spika umeurudisha wapi?

Kijana wa Chuga

Kwenye bodi, kwenye tundu la athi pembeni ya ingizo. Lilikuwa karibu. Na waya wa kati wa transfoma nao umeingia hapohapo, bolti moja.

Fundi wa Mabibo

Ndiyo hiyo. Ni kosa langu mimi lilelile, na lako lina mkondo wa spika juu yake. Fanya hivi: tafuta pale kapasita zako mbili kubwa zinapokutana, chanya ya moja na hasi ya nyingine. Hapo waya wa kati wa transfoma uingie peke yake. Kutoka hapo, toa waya mmoja mfupi, sentimita mbili tatu, ufike kwenye kituo kingine. Kwenye kituo hicho cha pili ndiko zirudi hasi ya spika, athi ya bodi, na boksi. Athi ya ingizo ibaki kwenye bodi pekee, isiguse bolti. Nyaya za transfoma zisokote pamoja, ziwe mbali na ingizo.

Ukimaliza usiwashe moja kwa moja. Funga balbu ya wati 60 mfululizo na waya wa umeme. Ikiwaka kidogo kisha ikafifia, uko salama. Ikiwaka ikakaa inang'aa, zima. Spika usiifunge kabisa mpaka nikwambie.

Mzee wa Valvu

Na usiguse kapasita hizo kabla hujazipima. Volti 33 kila upande ni 66 kati ya ncha na ncha.

Kijana wa Chuga

Nimerudi. Imenichukua saa mbili, nilikuwa natetemeka mikono kwa hiyo nilichomea mara mbili ile athi ya kati. Balbu iliwaka ikafifia. Nifanyeje sasa?

Fundi wa Mabibo

Mita kwenye volti za DC, ncha zote mbili kwenye vituo vya spika. Inasoma ngapi?

Kijana wa Chuga

Milivolti 14.

Fundi wa Mabibo

Nzuri, iko chini ya 50. Toa balbu, washa tena, pima tena.

Kijana wa Chuga

12.

Fundi wa Mabibo

Funga spika.

Kijana wa Chuga

Nimeifunga, nimewasha, nilidhani haijawaka. Nimeweka sikio kabisa kwenye kitambaa cha spika ndiyo nikasikia mchakacho kwa mbali. Mvumo haupo. Nimeweka wimbo, mwenzangu wa chumbani ameuliza nimenunua nini.